Kompyuta ya mtoto ikizimazima, anza na waya
Kinole na Matombo, mawingu ya masika yakitanda Uluguru, betri ya sola haijai. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi anayosomea mwanao inazima na kujiwasha, nawe unamshuku yeye. Usimgombeze bado. Alama ya radi ya njano kwenye kioo maana yake umeme umeshuka chini ya takriban volti 4.63, nayo inahitaji 5. Mara nyingi kosa ni waya wa chaji, mwembamba au mrefu mno. Badili huo kwanza. Kisha pima betri ikiwa imepumzika: chini ya volti 12 imekaribia kuisha. Na jamani, betri ya maji isichajiwe chumbani wanamolala watoto. Hutoa gesi inayolipuka, na tindikali yake huunguza macho.