SALISBURY: MJI ULIOZALIWA NA UGOMVI WA LANGONI

Askari wenzangu, mara nyingi mwanajeshi aliyepelekwa ng'ambo kwa mafunzo huijua kambi na uwanja wa shabaha tu, akarejea nyumbani bila kuuona mji wa jirani. Atakayebahatika kufika kusini mwa Uingereza asikose kuuzuru Salisbury, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa treni kutoka London.

Mnara wa Kanisa Kuu la mji huo una urefu wa mita 123, wala hakuna mnara wa kanisa unaoushinda nchini humo. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1220.

Lakini kwa nini kanisa likajengwa bondeni? Jibu liko juu ya kilima cha Old Sarum, kilomita tatu hivi kaskazini. Huko ngome ya mfalme na kanisa la awali vilikuwa ndani ya boma moja. Maji yalikuwa haba, upepo ulikuwa mkali, na askari hawakupatana na makasisi. Yasimuliwa kwamba siku moja makasisi walitoka kwa maandamano ya ibada, na waliporudi wakakuta askari wamewafungia lango. Hatimaye wakashuka bondeni, raia wakawafuata, na ngome leo ni magofu.

Kanisa hilo jipya ndilo linalohifadhi Magna Carta, hati ya mwaka 1215, mojawapo ya nne zilizosalia. Humo mfalme alikubali kwamba mtu huru asikamatwe wala kufungwa ila kwa hukumu halali. Polisi aisimamie kwa makini.

Kaskazini zaidi yapo mawe makubwa ya Stonehenge, yaliyosimamishwa yapata miaka 4,500 iliyopita. Hapo ni nyika ya Salisbury, ambako jeshi lilianza kununua ardhi ya mazoezi mwaka 1897. Ndani ya nyika kimo kijiji cha Imber. Desemba 1943 wakazi wake walihamishwa ili majeshi ya Marekani yajiandae kwa vita vya Ulaya. Vita vilikwisha, wao hawakurudishwa. Siku chache tu kila mwaka njia hufunguliwa, na watu huingia kanisani mwao kusali.

Basi, ndugu zangu, tukumbuke kilima kile. Ngome iliyowafukuza raia wake ilibaki ikilinda upepo.