Kulipwa ili shamba lipumzike: pesa inaenda kwa nani?

Mjadala wa ruzuku ukianza humu, lazima mtu aseme: "Marekani mkulima analipwa asilime, sisi tunapanga foleni ya mbolea." Ni kweli, lakini ni nusu ya hadithi. Hebu niifungue kidogo.

Mpango huo ulitokana na sheria ya kilimo ya 1985. Serikali ya taifa hukodi shamba, hasa lile ambalo udongo wake unabebwa haraka na upepo au maji. Mkataba ni wa miaka 10 hadi 15. Mwenye shamba anaacha ngano au mahindi, anapanda nyasi au miti, halafu analipwa kwa ekari kila mwaka. Ukivunja mkataba katikati, unarudisha pesa na riba juu. Kwa hivyo hapana, si pesa ya kukaa tu. Kufikia 2007, zaidi ya ekari milioni 36 zilikuwa ndani.

Sasa hapa ndipo siasa inapoingia. Malipo yanafuata ekari, na mwenye nyingi anapata nyingi, ingawa kwa miaka mingi kikomo kimekuwa dola 50,000 kwa mtu kwa mwaka. Lakini shamba likilala, nani ananunua mbegu? Mwenye agrovet anakosa wateja, fundi wa trakta anakaa, kibarua anahama. Hao hawakusaini mkataba wowote. Ndiyo maana sheria yao inasema kwamba, kwa kawaida, mpango usichukue zaidi ya asilimia 25 ya ardhi ya kilimo katika kaunti moja. Mimi naona hicho kifungu ndicho cha maana kuliko vyote, na sijawahi kukisikia kikitajwa kwenye jukwaa hapa kwetu.

Na tusijifanye jambo hili ni geni Kenya. Kule Kitengela, kusini mwa mbuga ya Nairobi, kuanzia 2000 wenye ardhi walilipwa kama dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasiweke ua wala kukatakata ardhi, ili wanyama wapite. Walilipwa kwa awamu tatu, wakati wa karo. Wazo zuri sana. Shida ni kwamba pesa ilitegemea wafadhili, si bajeti ya serikali, na dola 4 haiwezi kushindana na mtu anayekuja na pesa taslimu akitaka ploti.

Kwa hivyo mgombea akisema "tutalipa wakulima watunze mazingira," msipige makofi bado. Muulizeni pesa inatoka wapi mwaka wa tatu, wafadhili wakichoka. Muulizeni analipwa mwenye hati au anayelima. Hili si swali dogo, jamani: hati ngapi bado ziko kwa jina la babu aliyefariki kitambo, na mirathi haijaguswa? Mama amelima hapo miaka 30, jina lake haliko popote. Pesa ikija, ndugu wa mjini atafika na karatasi kabla yake.

Halafu orodha. Marekani rekodi za malipo ya ruzuku ziko wazi kwa umma, unaweza kujua jirani alipata ngapi. Mgombea aseme kama ya kwetu itabandikwa kwa chifu, na aseme leo, kabla ya kura.