Nani abaki ndani ya nyumba baada ya kutengana?



Katika kazi yetu ya upatanishi mjini Kalemie, jimbo la Tanganyika, tunapokea migogoro mingi ya mashamba na mipaka. Lakini mingine inayowasha moto haraka huanzia nyumbani: bwana na bibi wametengana, na kila mmoja anataka kubaki peke yake katika nyumba waliyojenga pamoja.

Tutoe mfano wa mama mmoja ambaye hatutataja jina lake. Faida yake ya kuuza ndakala ndiyo ilinunua mabati ya nyumba yao. Walipokosana na bwana yake, mvuvi, alikwenda kulala kwa dada yake siku tatu ili hasira zipoe. Aliporudi alikuta kufuli mpya mlangoni na shemeji zake wamekaa uani. Wakamwambia: "Kiwanja ni cha marehemu baba yetu. Chukua nguo zako uende." Kesho yake kaka zake mama wakaja na fimbo, na mtaa ukagawanyika.

Tulipoitwa, wazee walikuwa wanabishana nyumba ni ya nani. Tuliwaomba kwanza watenganishe maswali mawili.

Swali la kwanza: nani akae humo sasa?

Hili ni swali la makao, si la mali. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema kwamba wakati kesi ya talaka inaendelea, mahakama inaweza kutoa amri za muda: kuruhusu bwana na bibi wakae mbalimbali, kumpa mmoja wao matumizi ya nyumba na vyombo, na kupanga malezi na chakula cha watoto. Anayehusika ni Mahakama ya Amani, ile wengi wanaiita Tripaix. Kufuli ya shemeji si amri ya mahakama.

Kupewa nyumba kwa muda hakumfanyi mtu kuwa mwenye mali. Na haki hii si ya mama peke yake. Baba aliyefukuzwa anaweza pia kuiomba.

Swali la pili: mali ni ya nani?

Hili linaamuliwa baadaye, kufuatana na mpango wa mali wa ndoa. Kama wanandoa hawakuchagua mpango, mali waliyoipata ndani ya ndoa ni ya wote wawili, na urithi wa kila mmoja unabaki wake. Kwa hiyo kiwanja cha urithi kinaweza kubaki cha bwana, lakini bibi anaweza kudai fidia kwa jengo lililosimamishwa na fedha za wote. Tena, mmoja asiuze nyumba ya familia bila mwenzake kukubali.

Mambo ya kufanya

- Sajilini ndoa ya kimila kwenye ofisi ya hali ya raia. Walioishi pamoja bila ndoa hawalindwi na kanuni hizi za talaka; kwao ushahidi wa nani alinunua nini ni wa lazima zaidi.
- Tunzeni karatasi za kiwanja, risiti za mabati na saruji, na majina ya mafundi.
- Ukiondoka ili hasira zipoe, mjulishe mkubwa wa mtaa, ili isisemwe kwamba umeikimbia ndoa.
- Kama nyumba ni ya kupanga, zungumzeni mapema na mwenye nyumba juu ya kodi na garanti.
- Asiye na uwezo aombe hati ya umaskini, na aulize ofisi ya mawakili inayotoa ushauri bure.

Mpatanishi naye ajue mpaka wake. Anaweza kusaidia watu wapatane juu ya makao, lakini hawezi kuvunja ndoa wala kumnyang'anya mtu mali. Na pale penye kipigo, asimrudishe mtu chini ya paa moja na anayempiga eti avumilie. Kwanza usalama wake, hospitali na polisi.

Katika mfano wetu, mazungumzo yalichukua siku mbili. Bwana alikubali kukaa kwa kaka yake mpaka mahakama iamue. Mama na watoto wakarudi ndani. Nyavu zake zilikuwa bado stoo, ikaandikwa kwamba atazichukua akiwa pamoja na mkubwa wa mtaa. Shemeji na kaka wa pande zote mbili walitia sahihi.

Kesi ya mali bado iko mahakamani, na hatujui nani atashinda. Lakini watoto wanalala kwao, baba anakwenda ziwani na nyavu zake, na fimbo zimerudi nyumbani. Ndugu msomaji, mkiitwa kwa mgogoro kama huu, anzeni na swali la kwanza.