Redio ya Setilaiti Kwenye Gari: Tegemea Waya

Anayefunga kipokezi cha redio ya setilaiti kwenye gari lake huko Marekani au Kanada, kisha akasikia sauti inakwaruza, kwanza huilaumu setilaiti. Mara nyingi anaionea. Matangazo ya SiriusXM, kampuni iliyopatikana mwaka 2008 Sirius na XM zilipoungana, huja kwa mfumo wa kidijitali katika masafa ya megahezi 2,300 na ushee. Ishara ya namna hiyo ikifika vizuri, sauti huwa safi. Isipofika, huwa kimya. Gari likipita chini ya daraja, kipokezi huendelea kutoa sekunde chache za matangazo kilizokuwa kimeshazihifadhi, na katika miji yenye majengo marefu kuna mitambo ya ardhini inayorudia matangazo yaleyale. Kwa hiyo mkwaruzo, mvumo, au stesheni mbili kupandana, havitoki angani. Vinatoka katika ile mita moja ya mwisho, kati ya kipokezi na redio iliyokuja na gari kutoka kiwandani, na hapo ndipo fundi anapohitajika.

Wengi huivuka mita hiyo bila waya. Kipokezi huwa na kirushi kidogo kinachotangaza kwenye FM, na mwenye gari huiweka redio yake kwenye namba ileile, tuseme 88.1. Ni rahisi, lakini sheria ya Marekani inaviruhusu virushi hivyo nguvu ndogo mno, ili visivuruge stesheni wanazosikiliza watu wengine. Tena kirushi kiko ndani ya bodi la chuma, ilhali antena inayotakiwa kukinasa iko juu ya paa au kwenye kioo cha nyuma. Dereva wa lori anayetoka Columbus, Ohio, kwenda Indianapolis, mwendo wa kilomita zipatazo 280, anaweza kuikuta namba aliyoanza nayo ikiwa tupu imekaliwa na stesheni nyingine njiani, na stesheni hiyo ina mnara mrefu, yeye ana kidude kwenye dashibodi. Mwaka 2006 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliyabana makampuni yote mawili ya wakati huo kwa kuwa baadhi ya vipokezi vyao vilirusha FM kupita kiwango kilichoruhusiwa. Basi udhaifu wa njia hii haumalizwi kwa kununua kifaa cha bei kubwa. Umewekwa na sheria, tena kwa haki kabisa, kwa kuwa jirani naye ana redio yake.

Waya ndio unaoleta nafuu ya kweli. Gari likiwa na tundu la AUX, maneno yameisha: waya mmoja kutoka kwenye kipokezi unaingia pale, na sauti haipiti kwenye FM hata kidogo. Gari la zamani lenye deki ya kaseti linaweza kutumia kaseti yenye waya, nayo hufanya vizuri kuliko watu wanavyodhani. Lisipokuwa na kimoja kati ya hivyo, fundi huchomoa plagi ya antena nyuma ya redio na kuweka kiboksi kidogo katikati. Kiboksi kikiwashwa hukata ishara za nje na kuipeleka sauti ya kipokezi moja kwa moja kwenye mlango wa antena, kwa hiyo hakuna stesheni ya kugombania nafasi. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa aliyewahi kufungiwa ekspanda kwenye gari lililotoka Japani anaijua kazi hii. Redio nyingi za Kijapani ziliishia megahezi 90, na kile kiboksi cha kuzishusha stesheni za juu hukaa palepale, kati ya waya wa antena na mgongo wa redio. Ubora wa sauti unabaki wa FM, hauwezi kuupita, lakini unabaki hivyo safari nzima.

Wapo watakaosema kwamba waya nao una kelele zake. Ni kweli. Kipokezi kikipata umeme kwenye tundu la sigara na kupeleka sauti kwenye AUX, huenda ukasikika mlio mwembamba unaopanda kila unapokanyaga mafuta. Huo ni umeme wa alterneta unaozunguka kupitia ethi mbili tofauti, na dawa yake ni kifaa kidogo cha kutenganisha ethi, kinachochomekwa katikati ya waya wa sauti. Kelele ya waya ina chanzo kinachojulikana na tiba ya kudumu. Kelele ya hewani hubadilika kila baada ya mji. Wengine huona afadhali kuing'oa redio yote na kuweka mpya. Kwa magari mengi ya miaka ya karibuni huo ni ushauri mbaya, kwa sababu redio imeunganishwa na kamera ya nyuma, vitufe vya usukani, pengine hata kiyoyozi.

Hoja nzito zaidi ni ya usalama wa gari lenyewe, na hapo uangalifu hauna mbadala. Antena ya setilaiti hukaa juu ya paa kwa sumaku, na waya wake upite chini ya mpira wa kioo cha nyuma, kisha chini ya plastiki za kando ya sakafu hadi mbele. Usipitishwe kwenye nguzo ya kioo cha mbele juu ya mfuko wa hewa, maana mfuko huo unapofumuka haupaswi kukuta kitu njiani. Umeme uchukuliwe kwenye fyuzi inayozimika na ufunguo, la sivyo betri itaishia maegeshoni.

Kama uko Marekani au Kanada na unataka kufunga kipokezi, chungulia dashibodi yako kabla ya kulipia chochote. Tundu la AUX likiwepo, nunua waya tu. Lisipokuwepo, mlipe fundi afungue redio na kuunganisha kiboksi kwenye antena. Kirushi cha FM kisicho na waya kitumie kwenye gari la kukodi tu.