NANI ANAMLIPA MWANDISHI WA HABARI?

Katika madarasa yetu ya elimu ya siasa, vijana wengi hueleza kuanguka kwa magazeti kwa sentensi moja: simu imeliua gazeti. Maelezo hayo hukubalika upesi kwa sababu yanalingana na tunayoyaona kila siku. Lakini kazi ya nadharia ni kutafuta chanzo cha yale yanayoonekana. Redio na televisheni zilipoenea katika karne ya 20, magazeti hayakufa. Je, safari hii kimebadilika nini?

Tutachukua mfano wa Marekani, kwa kuwa huko biashara ya magazeti ilikua sana, na huko ndiko maanguko yake yamehesabiwa vizuri.

Gazeti kama bidhaa

Gazeti la kibepari liliuzwa mara mbili. Kwanza liliuzwa kwa msomaji, kwa bei ndogo. Pili, msomaji mwenyewe aliuzwa kwa mwenye tangazo. Mwenye duka, mwenye nyumba ya kupangisha, mwenye gari kuukuu, mwajiri anayetafuta wafanyakazi: hao wote walikuwa na njia chache za kuwafikia watu wa mji wao, na iliyo kubwa ilikuwa gazeti la pale. Hivyo, mwenye mtambo wa kuchapa na magari ya kusambaza alikuwa na ukiritimba. Sehemu ya faida ya ukiritimba huo ndiyo iliyomlipa mwandishi aliyeshinda mahakamani au katika kikao cha halmashauri. Habari za halmashauri hazikujilipia zenyewe. Zilibebwa na tangazo la gari kuukuu.

Muungano unavunjika

Intaneti ilitenganisha bidhaa hizo mbili. Mwaka 1995 ilianza Craigslist huko San Francisco, ambako mtu aliweza kutoa matangazo madogo mengi bila malipo. Kisha Google na Facebook zikatwaa matangazo makubwa, kwa kuwa zinamjua kila msomaji anatafuta nini na anapenda nini. Mapato ya matangazo ya magazeti ya Marekani, yaliyokuwa karibu dola bilioni 49 mwaka 2005, yalikuwa chini ya bilioni 10 mwaka 2020. Wafanyakazi wa vyumba vya habari vya magazeti walikuwa 71,000 hivi mwaka 2008. Mwaka 2020 walibaki 31,000 hivi. Rocky Mountain News la Denver, lililoanzishwa mwaka 1859, lilifungwa Februari 2009. Tangu mwaka 2005 magazeti zaidi ya 3,000 yamekufa nchini humo.

Ni dhahiri basi kwamba ukiritimba haukufutwa, ulihama mikono. Zamani mwenye njia ya kusambaza habari ndiye pia aliyewaajiri wanaozikusanya. Leo njia ni ya kampuni ambazo hazina haja ya kumpeleka mwandishi yeyote mahakamani.

Gharama yake kwa wananchi

Mji mdogo wa Bell, katika jimbo la California, unatufundisha gharama hiyo. Watu wake hawafiki 40,000, na wengi ni wafanyakazi wa kipato cha chini. Kwa miaka mingi hapakuwa na mwandishi aliyevifuatilia vikao vya halmashauri yao. Mwaka 2010 waandishi wa Los Angeles Times waligundua kwamba meneja wa mji, Robert Rizzo, alikuwa akijilipa karibu dola 800,000 kwa mwaka. Baadaye alifungwa jela. Wananchi wa Bell walinyonywa mchana kweupe kwa sababu hapakuwa na wa kutazama.

Hatusemi kwamba gazeti la zamani lilikuwa la haki. Mara nyingi lilinyamazia maovu ya watangazaji wake wakubwa. Kadhalika, simu imewafikishia habari watu ambao hawakuweza kununua gazeti.

Dawa zimejaribiwa. New York Times lina wateja wa kulipia zaidi ya milioni 10, wengi wao wa kidijitali. Lakini njia hiyo humhudumia zaidi mwenye uwezo wa kulipa, na mji kama Bell hauna wateja milioni. Canada ilitunga sheria mwaka 2023 ya kuzitaka kampuni kubwa zivilipe vyombo vya habari. Meta, yenye Facebook, ikajibu kwa kuzuia habari katika kurasa zake nchini humo. Jibu hilo lilionyesha wazi nani ameshika njia.

Fundisho kwetu

Hapa Tanzania watu husimama kwenye meza ya magazeti wakisoma vichwa vya habari, redio huyasoma magazeti kila asubuhi, na picha za kurasa za mbele huzunguka katika simu. Wanaosambaza wamekuwa wengi. Wanaokusanya ni wachache. Na mkusanyaji akikosa mshahara, kitakachosambazwa ni uvumi.

Tunapendekeza kila kikundi cha masomo kijadili maswali haya. Katika wilaya yenu, nani huhudhuria baraza la madiwani na kuandika yaliyosemwa? Mshahara wake unatoka kwa nani: msomaji, mfanyabiashara, au serikali? Na je, anaweza kuandika jambo asilolipenda huyo anayemlipa?