Je, Wajua? Saratani ya Reli na Saa ya Mahakama

Mfanyakazi wa reli Marekani akiugua saratani kutokana na kazi, hapati fidia ya kawaida kama wafanyakazi wengine. Sheria ya mwaka 1908 inamtaka aishtaki kampuni na kuthibitisha uzembe, ingawa uzembe mdogo tu uliochangia ugonjwa unatosha.

Sumu zenyewe alizivuta kila siku: asbesto iliyofunika maboila ya treni za mvuke, na moshi wa dizeli, uliothibitishwa mwaka 2012 na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kuwa unasababisha ugonjwa huo.

Muda wa kushtaki ni miaka 3, ilhali saratani ya asbesto huweza kujificha miongo kadhaa. Kuhesabu tangu siku ya kuvuta vumbi kungekuwa dhuluma tupu. Mwaka 1949 Mahakama Kuu ya Marekani ilimsikiliza mchochea moto wa treni, ambaye mapafu yake yaliharibiwa na vumbi la mchanga unaomwagwa relini ili magurudumu yasiteleze. Ikaamua: muda huanza ugonjwa unapojidhihirisha. Mwaka 2003 ikaongeza kwamba mwenye asbestosi, yaani ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la asbesto, anaweza kulipwa hata kwa hofu ya kweli ya kupata saratani.