Kuhamisha Tanzia ya Mapenzi: Kutoka Verona hadi Section 58

Mwalimu, waambie wanafunzi wako wa Section 58, Nakuru, wauhamishie mtaani mwao mchezo wa Romeo and Juliet. Wengi watabadilisha majina tu: Romeo awe Kiprono, Juliet awe Wanjiru. Huko si kuhamisha kisa, ni kubandika majina.

Anza kwa kutofautisha. Nyerere katika Mabepari wa Venisi (1969) alitafsiri. Venisi ilibaki Venisi. West Side Story (1957) ilihamisha: koo mbili za Verona zikawa magenge ya vijana wa New York. Shakespeare mwenyewe alikitoa kisa katika shairi la Arthur Brooke la 1562, lenye asili ya Kiitaliano.

Kisha uliza maswali mawili. Ni nini kinachowatenga wapendanao? Ni mkosi gani unaowaangamiza? Kwa Shakespeare, barua haimfikii Romeo kwa kuwa mjumbe amezuiliwa kwa hofu ya tauni. Nakuru kuna simu. Basi mwanafunzi atafute kizuizi kinachoaminika, kama simu iliyonyang'anywa na mzazi.

Swali la kwanza lahitaji uangalifu. Jibu la upesi litakuwa ukabila, na damu ilimwagika mjini humu Januari 2008. Usilikwepe, ila usikubali kabila moja lifanywe la wabaya. Kwa Shakespeare koo zote mbili zina lawama, na hupatana wakiwa wamechelewa, mbele ya maiti za watoto wao. Mtahiniwa, ukilihifadhi hilo, umehamisha tanzia yenyewe.